Turufu ya Bwana Haroub

Nikisikia harufu ya mafuta yaliyokaangiwa zaidi ya mara moja, roho hunichafuka. Hunirudisha kwenye chumba kimoja cha Hounslow, juu ya duka la viatu, ambako Wazanzibari tuliokimbilia Landani baada ya mapinduzi tulikuwa na chama chetu. Makoti yaliyorowa yakining'inia ukutani, hita ya mafuta ya taa ikinuka, na Mwenyekiti wetu, Bwana Haroub, akimaliza sambusa tatu kabla mtu mwengine hajapewa hata moja.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba, aliyekuwa mkalimani wa mahakama kule Unguja, sasa alisafisha ndege uwanjani. Siku moja aliokota kwenye kiti cha ndege kijitabu juu ya serikali ya Marekani, akarudi nacho nyumbani kama aliyeokota dhahabu. Kila jioni tulikaa mezani, mimi nasoma Kiingereza, yeye anakitafutia Kiswahili chake.

"Mihimili mitatu," alisema. "Bunge linatunga sheria, Rais anaitekeleza, Mahakama inaipima kama inakwenda na katiba. Kila mmoja anamdhibiti mwenziwe, asije mtu akajifanya mungu."

Veto aliiita turufu. Rais anaweza kuukataa mswada, lakini thuluthi mbili ya wabunge wakishikamana, turufu yake haifui dafu.

"And if he gets angry?" nikauliza. Kiswahili nilikisikia, lakini ulimi ulikuwa wa skuli.

Baba akacheka. "Akasirike mpaka apasuke. Sheria ni sheria."

Katiba ya chama akaiandika yeye, kwa mfano huo huo: wajumbe tisa, Mwenyekiti na turufu yake, na mikono sita ya kuivunja. Msinicheke, nilijiona nami ni mtunga katiba.

Baridi ilipoingia, Bi Zuwena, mjane aliyefanya kazi na Mama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alitolewa na mwenye nyumba wake, yeye na kitoto cha miezi minne. Akaomba alale kwenye chumba cha chama mpaka apate pahala. Wajumbe watano walikubali, Baba akiwemo. Wanne wakakataa. Bwana Haroub akajifuta midomo kwa kiganja.

"Natia turufu," akasema. "Mumewe alikuwa na wale waliotutoa makwetu. Hapa halali mtu wao."

Mume mwenyewe alikuwa keshazikwa. Na Bi Zuwena, siku ya mapinduzi, alikuwa bado anakwenda skuli.

Kura ya kuivunja turufu ikawekwa Jumapili iliyofuata. Mama alikuwa kazini, nikaenda na Baba. Bi Zuwena alikaa nje kwenye ngazi, mtoto kifuani. Kabla ya kura, Bwana Haroub alimjia Baba, akamwekea begani mkono uliojaa mafuta, akainama.

"Ile barua ya nduguyo ipo mezani kwangu," alimwambia. "Imebaki saini tu."

Nilisikia, nikadhani ni wema.

"Wanaotaka turufu ivunjwe!" akaita Bwana Haroub.

Mikono ikapanda. Hata Mzee Shaame, aliyekataa mara ya kwanza, aliunyanyua wake. Nikahesabu: mitano. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba," nikamwita. Kisha kwa sauti, kwa Kiswahili nilichokuwa nikikionea haya mbele za watu: "Baba, bado wewe! Ni thuluthi mbili!"

Bwana Haroub akacheka mpaka makombo ya sambusa yakamwagika ndevuni. "Huyu tumpeleke Amerika!"

"Kaa kimya," Baba akaniambia.

Nilipotoka nje, Bi Zuwena alikuwa keshasikia. Hakulia. Alimfunika mtoto, akaniomba nimshikie kigari tushuke nacho ngazi. Kwenye basi sikukaa na Baba. Koti lake lilikuwa na doa la vidole vitatu begani, na kila nilipoliona niligeukia dirishani.

Bi Zuwena alipata chumba Kenton, kuta zinatoka maji. Mtoto alikohoa mpaka baridi ikaisha. Akapona, alhamdulillahi, lakini miaka yote Bi Zuwena akitusalimia nyumba nzima, mmoja mmoja, akimruka Baba.

Miezi miwili baada ya kura ile, ami yangu Salim, nduguye Baba, aliwasili kutoka Mombasa na kopo la halua, anacheka. Nilimpenda tangu siku hiyo. Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza kwamba Ami alikuwa hana karatasi Mombasa, karibu arejeshwe Unguja alikokuwa akitafutwa, na kilichomtoa ni barua ya chama yenye saini ya Mwenyekiti.

Hapo nikaelewa kwamba Baba hakuisahau hata herufi moja ya katiba yake. Aliijua yote, na akakaa nayo mikono mapajani. Nilimwonea huruma. Kinyaa nacho hakikutoka, na sijui leo ni cha nani zaidi: cha Haroub, cha Baba, au changu mimi niliyekula ile halua.

Baba alipokuwa mgonjwa nilimuuliza, kama ingepigwa tena kura ile, angefanyaje.

"Yule mtoto," akaniuliza, "akiitwa nani?"

Hakuwahi kulijua jina lake. Nikamwambia.