Beseni ya Agathe

Mbuzi yangu moja ilikunywa mu beseni ya Agathe, na tangu siku ile inazaa watoto weusi tu, na maziwa yake, mukitaka muamini, mukitaka muache, iko na rangi ya kahawa. Nzi moja ilianguka mule, ikapona, lakini nzi wenzake waliikataa. Katekista wa hapa kwetu aliegemea kamba ya nguo ya Agathe na shati yake nyeupe ya Paska, na mpaka leo akigeukia altare tunaona mustari ku mugongo wake. Hizo ni za kucheka. Ile ya Honoré si ya kucheka, na ni hiyo nataka kusema.

Agathe alizaliwa Aveba. Walipochoma kijiji yao, alikuja Bunia kwa miguu. Watu walibeba godoro, walibeba Biblia. Yeye alibeba sufuria moja, na ndani ya sufuria jiwe ya kukwangulia. Kazi yake ni kutia nguo rangi ya miti ya pori. Nyekundu anaitoa mu ngula, ile mbao wazee wetu walikuwa wanasaga na kujipaka siku ya ngoma. Manjano anaitoa mu muzizi. Lakini nyeusi yake alifundishwa na mwanamuke mumoja Mumbuti, kule mu pori nyuma ya Komanda. Inatoka mu tunda moja ya kijani, ngumu kama ngumi, na jina yake Agathe hajatuambia hata siye majirani. Unaichuma mbele ya kuiva. Ikiiva haifai kitu. Unaikwangua, unaikamua, unaichuja, na kile kinachotoka, ukikitazama, ni mayi tu. Agathe anachovya kijiti, anachora ku kitambaa ya ganda ya muti, na hauone kitu. Yeye mwenyewe haone. Anachora kwa kukumbuka mukono ulipitia wapi. Saa jua inainama, mistari inapanda yenyewe, nyeusi tii, na kutoka hapo sabuni, ndimu, majivu, maombi, hakuna kinachoiweza. Ku ngozi ya mutu ni vilevile: ungoje mpaka ngozi yenyewe ibadilike. Ndiyo maana mu kanisa, saa ya kupeana amani, watu walikuwa wanamupa kiwiko.

Bwana yake Honoré alikuwa na ngombe kidogo, na maneno kidogo kupita ngombe. Walikaa ku parsele, ile kiwanja ya baba yake, karibu na muto Nyamukau. Dady, mudogo wa Honoré, alitaka parsele iuzwe, maana mufanyabiashara mumoja alitafuta pa kujenga depo ya kuweka bidhaa.

— Mama ya watoto atakwangua matunda yake wapi? Honoré akamuuliza. Mu depo?

— Kwa hiyo siye tukose nafasi yetu juu ya mayi ya majani?

— Ndiyo.

Ndiyo ile ilimuua.

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, kartie, mutaa wetu yote, imebakia na kuku na wazee. Wanaume watatu waliingia, sura zimefungwa na vitambaa. Kwetu, mutu akitaka kumuua ndugu yake hasumbuke: anafunga kitambaa ku sura, na kesho kila mutu anasema ni wale waasi wa pori. Honoré alikuwa anakamua ngombe. Wa kwanza hakusema hata jambo. Panga yake iliingia kati ya shingo na bega, na Honoré alipoinua mukono kujishika shingo, panga ikarudia, ikachukua vidole. Vilianguka mu maziwa. Wale wawili wengine wakaingia nao, wakakata kama watu wanaoiba ndizi na wanaogopa mwenye shamba atarudia. Damu iliruka mpaka ku nguo zilizokuwa ku kamba. Agathe anasema ngula haijamupatia nyekundu ile hata siku moja, na hataki imupatie.

Agathe walimulaza kifudifudi, muguu wa mumoja ku shingo yake. Aliona udongo, basi. Lakini masikio ilikuwa yake. Alisikia yule wa kwanza anapanguza panga mu manyasi: shwa, shwa, halafu pa, ku paja. Akaenda zake. Wale wawili wakabaki, na mumoja akauliza kwa sauti ya pua, ya kujificha:

— Mayi ya kunawa iko wapi?

Ni pale, na muguu ku shingo, Agathe aliwaza. Mutu wa mbali hanawe damu, anaenda nayo. Anayenawa ni mutu ambaye sasa hivi atafika kwake, bibi yake amuwekee ugali. Hawa ni wa kwetu.

Bidoni ya mayi ya kweli ilikuwa mu nyumba. Beseni ya matunda, aliyochuja asubuhi ile, ilikuwa inje.

— Beseni iko pale chini ya dirisha, akasema. Munawe muzuri, wababa. Hata ku sura.

Walinawa. Sura, shingo, mikono mpaka ku viwiko. Wakajipanguza na shati ya Honoré. Mwenye muguu akamuambia:

— Ukisema, tutarudia.

Agathe hakusema. Siku ile yote hakusema, hata kwa siye tuliokuja kumutoa udongo mu mudomo.

Kesho yake tukazika. Dady alifika na kashene ku pua, kofia mpaka ku macho, na gants za munganga ku mikono. Alisema ana homa mubaya, hapendi kuambukiza watu. Tangu wakati wa Ebola tumezoea kuona mutu hivyo, tukamupisha. Agathe alikuwa amefunika sanduku na kitambaa yake ya mwisho, yenye mistari nyeusi.

Kwetu, mudogo wa marehemu ndiye anatupa udongo ya kwanza, kwa mukono mutupu. Dady akainama, akachota na gants. Bernadette, dada yao mukubwa, mama ambaye amezalisha ngombe kupita veterineri yeyote, akamukamata mukono.

— Weye Dady, unazika mukubwa wako ama unazalisha ngombe?

Watu wakacheka, pale pale ku kaburi. Bernadette akavuta gants, ikatoka na sauti. Mukono ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria, mpaka ku kiwiko. Akavuta kashene. Sura nayo nyeusi, kutoka ndevu mpaka ku paji, na kando ya masikio rangi yake ya kuzaliwa, pale mayi haikufika. Alikuwa amejisugua na ndimu na muchanga mpaka ngozi imechubuka, na chini ya machubuko nyeusi iko tu inamungoja.

Kicheko ikakatika. Agathe akasogea, akainua ncha ya kitambaa ku sanduku, akaiweka kando ya mukono ya Dady. Nyeusi moja.

— Shemeki, akasema, ile haikuwa mayi.

Wa kwanza kupiga alikuwa Bernadette. Alichukua mupini ya jembe ya wachimba kaburi, akamupiga mudogo wake ku mudomo, na mudomo haikuwa tena mudomo. Halafu kartie yote ikaingia. Nilisikia mukono yake inavunjika kama muhogo mukavu. Vijana wakaleta pine ya gari, mwingine akaleta esansi ya kumuchomea mu chupa ya bia. Wakati pine ilikuwa imefika ku shingo ya Dady, Agathe alijitupa juu yake, mbavu kwa mbavu, na fimbo zilizokuwa za Dady zikawa zake.

— Mama, toka, unamuhurumia nini?

— Simuhurumie. Mukimuchoma sasa, ataenda na majina mu mudomo.

Dady akatema meno, halafu akatema jina: Prince. Prince ni motari wa kartie, anabeba watu na pikipiki, ndiye alikuwa anamupeleka Agathe Komanda kuchuma matunda. Kila mara alimungojea ku barabara, anavuta sigara, na hata siku moja hakuuliza mule mu mufuko iko nini. Agathe akamuuliza: na yule wa kwanza, mwenye panga?

— Prince alimuokota Komanda, Dady akasema. Mi sijue hata jina yake.

Dady alipelekwa ku gereza mu pine yake, maana hakuna aliyetaka kuigusa kumutolea. Prince alikuwa amekimbilia Kasenyi. Wauza samaki walimukuta ameingiza mikono mu gunia ya samaki ya chumvi, jua kali, anasema anasikia baridi. Wakamuvuta mikono na kitambaa ya sura, wakaona nyeusi, wakamupiga mawe. Agathe alipofika pale, mawe ilikuwa imekwisha kazi, na jina ya yule mwenye panga ilikuwa imevunjika pamoja na taya ya Prince.

Kutoka siku ile Agathe hakutaka kitu kingine mu dunia: yule mwenye panga ya kwanza. Alirudilia matunda yake. Beseni ilirudia chini ya dirisha. Mwanaume akiingia mu parsele, hamutazame sura. Anamusikiliza.

Mvua ilipita, jua ikapita. Muuza mabambu akatokea, mutu mupole, akamutengenezea lupango ya kuzunguka parsele. Alirudia pale bila woga, maana alijua mwanamuke yule hakumuona. Alipomaliza kukata bambu ya mwisho, alipanguza panga mu manyasi. Shwa, shwa. Pa, ku paja.

Agathe alikuwa anapiga ganda ya muti na nyundo yake ya mbao. Hakusimamisha nyundo. Akapiga, akapiga tena, halafu akauliza:

— Baba, unatokea Komanda?

— Ndiyo, mama.

— Kuja unawe, nikupe chakula.

— Hapana, mama. Mi sizoee kunawa.

Nyundo ikashuka ku kifundo cha mukono ya panga. Ilishuka tena, ku ile ingine. Bernadette na mi tulitoka mu jiko, tukamukalia mugongo, na mi siko mwepesi.

— Aliyemukata Honoré ni weye, Agathe akamuambia.

— Walinituma tu, mama. Ni mudogo wake alitaka.

— Najua. Leo na weye utanawa.

Akamuingiza mikono yote miwili mu beseni, mifupa ikilia, akamuosha na sura kama mama anaosha mutoto wa shule, nyuma ya masikio na yote. Akamumwangia iliyobakia ku kichwa. Halafu akasema:

— Mumuache.

— Tumuache? Bernadette akauliza. Ataenda wapi?

— Ndiyo. Ataenda wapi?

Tukainuka. Akakimbia, mikono inaning'inia, na sura yake ilikuwa safi kama ya mutu aliyetoka kubatizwa. Kila motari wa barabara ile anajua nyeusi ile ni ya nani na inasema nini.

Kesho yake, jua ilikuwa imeinama wakati kijana mumoja motari alifika kutoka Komanda, jasho mpaka ku kifua, akatuambia watu walimuona ku barrière, pale wanafunga barabara, na hawakungoja polisi. Akataka kutuelezea vile walimufanya. Agathe akamukata.

— Ilikuwa nyeusi mpaka wapi?

— Mpaka ku kiwiko, mama. Na sura yote. Na masikio.

Agathe akatingisha kichwa, akachukua tunda ingine, akaiweka ku jiwe.

— Basi niliichuma saa yake, akasema.