Mama Maria Kwa Miguu

Ukuta wa kanisa letu pale Kwihara ulikuwa mtupu, na mimi nilikuwa na masizi, udongo mwekundu na elimu yangu ya darasa la nne. Mwalimu wa dini alinipa siku tatu, kabla Padri hajafika kutoka Tabora mjini, nichore Familia Takatifu ikikimbilia Misri. Nilikubali hata hajamaliza kusema! Nilikwisha kujiona naitwa kuchora makanisa yote mpaka Ujiji.

Alinipa picha ya Ulaya niifuate: Mama Maria juu ya punda, mikono laini imetulia, Yosefu anavuta kamba. Nilipoitazama nilimkumbuka bibi yangu, aliyefuatana na babu katika msafara hadi pwani, mtoto mgongoni, chungu kichwani. Basi nikamchora Mama Maria hivyo hivyo, anatembea. Yosefu naye nikamtwika mzigo kichwani.

Siku ya tatu mwalimu aliingia, akatazama, akatoka, akarudi na ndoo ya chokaa.

"Punda yuko wapi? Umemfanya Mama wa Mungu mpagazi! Nafuta."

Lakini bibi alikuwa amefika mlangoni, kaja kuona kazi yangu.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema, ndoo mkononi.

"Marahaba. Hebu niambie, mwanangu, punda wako huyo alipita pori gani lisilo na mbung'o? Wetu alikufa siku ya nne. Chungu nilibeba mimi, na mtoto mimi. Nani alinidharau?"

Bibi akaugeukia ukuta, akacheka mpaka akaushika.

"Lakini wewe, mjukuu wangu! Yosefu mzigo kichwani? Mwanamume wa Kinyamwezi hubeba begani! Bado kumvika kanga tu."

Hata mwalimu alicheka. Akaweka ndoo chini, akaitazama picha upya, polepole.

"Punda lazima awepo," akasema mwishowe. "Padri atamtafuta."

"Awepo," bibi akajibu, "ila mgonjwa."

Nikauhamishia mzigo wa Yosefu begani. Nyuma yao nikachora punda, masikio yameanguka, mgongo mtupu. Ile chokaa mwalimu akaipaka ukuta wa nje.

Padri alipofika aliisogelea picha, akamwonyesha punda kwa kidole.

"Huyu punda ana nini?"

"Mbung'o, Padri," mwalimu akajibu upesi. "Ndiyo maana Mama anatembea."