Sharti la Saba la Lonnie Haskett

Lonnie Haskett alikaa gerezani miaka sita kwa unyang'anyi, na hakuwahi kudai kwamba alionewa. Alipotolewa kwa masharti alirudi mjini kwao Erie, Marekani, akapata kazi ya upishi katika mkahawa wa Stosh Wolniak. Sharti la saba lilimkataza kukutana na mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa jinai, pasipo idhini ya maandishi. Kwa ajili hiyo alikuwa ameacha hata kumtembelea ndugu yake wa tumbo moja. Akilivunja, anarudi ndani miaka minne.

Jumatatu Wolniak aliingia jikoni akichekelea. "Alhamisi Rais anakula hapa! Anataka chapati za viazi, na picha na mpishi."

"Sitaweza, bosi. Yule naye ametiwa hatiani kwa jinai."

"Kachaguliwa, bwana wewe!"

"Kuchaguliwa kumefuta hukumu?"

"Kwani mimi hakimu? Usipokuja Alhamisi, Ijumaa usije tena."

Lonnie akaenda kwa afisa anayemsimamia, Bi. Darlene Koske.

"Unanitania, Haskett?"

"Hapana, mama. Nauliza tu, hukumu yake ipo au haipo?"

Bi. Koske alivuta fomu kutoka mezani. "Ipo. Kura inampa mtu cheo, haimwondolei hatia."

"Basi naomba idhini."

"Jaza hapa jina lake na kosa lake. Na uandike yasomeke."

Idhini ilitoka Jumatano, ikiwa na muhuri: dakika arobaini, mazungumzo yasihusu uhalifu.

Alhamisi asubuhi walifika walinzi wa Rais wenye orodha ya wafanyakazi. Mmoja wao aliisoma ile idhini hadi mwisho, akamrudishia.

"Hii haituhusu. Mwenye rekodi ya jinai hamkaribii Rais."

"Na yeye rekodi yake?"

"Yeye ndiye Rais."

Wolniak akashika kichwa. "Sasa nani atakaanga?"

"Wewe, bosi." Lonnie alivua aproni, akamkabidhi. "Moto uwe mdogo. Usiharakishe kuzigeuza."

Walimsindikiza hadi ng'ambo ya barabara, kwenye umati uliokuwa ukishangilia. Lonnie alimgeukia jirani yake, mwanamume aliyevaa kofia yenye jina la Rais.

"Samahani, kaka. Wewe umewahi kutiwa hatiani?"

Mtu yule aling'aka. "Mimi? Unanionaje wewe? Mimi mtu mwenye heshima zangu!"

"Vizuri," alisema Lonnie. "Basi nitasimama hapa."