Mtoto wa Kitanda cha Sita

Mkunga alistaafu na madaftari kumi na tisa, pamoja na simu iliyojaa sauti alizojirekodi akitoka kazini. Alitaka kuwaandikia wakunga wanafunzi kijitabu, lakini kila alipotafuta jambo alikuta jingine.

Binti wa kaka yake, karani wa maktaba, alipiga picha kurasa zote, akaziunganisha na zile sauti, kisha akaipa programu ya akili mnemba izisome na kuzipanga kwa mada. Mkunga alicheka, akasema mwandiko wake umewashinda wafamasia, sembuse mashine.

Kesho yake kazi ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na mada kumi na mbili: utokaji damu, mapacha, watoto njiti na kadhalika. Moja ilimshangaza karani. Iliitwa "Kitanda cha sita", na ndani yake mlikuwa na maandishi arobaini na matatu.

"Shangazi, huyu ni nani?"

Mkunga alivaa miwani. Katikati ya vipimo na dozi za dawa, mwaka hadi mwaka, alikuwa ameandika: "Kitanda cha sita: leo angeanza shule." "Leo nimemwona mtoto wa kimo chake." "Alilia mara moja." Mengine hata hakukumbuka kuyaandika. Alipobonyeza sauti mojawapo, alijisikia akihema barabarani, kisha akisema yale yale: alilia mara moja. Aliizima simu, akaisukumia chini ya mto.

Siku tatu hakugusa simu wala madaftari. Ya nne akamsimulia karani. Katika mwaka wake wa pili kazini, mama mmoja alijifungua mtoto njiti kwenye kitanda cha sita. Mtoto alilia mara moja, akakata roho. Muuguzi mkuu aliamuru waandike kuwa amezaliwa mfu, ati kumpunguzia mama uchungu. Mkunga akaandika, na ni yeye aliyempelekea mama habari hiyo.

Mama huyo alikuwa akishona mapazia karibu na stendi. Kwa miaka yote mkunga alikuwa akiikwepa barabara ile. Safari hii alipiga moyo konde, akaenda na yale maandishi yakiwa yamechapwa. Cherehani ilinyamaza alipoanza kusema.

"Alilia mara moja," alimaliza.

Mshonaji alitazama kitambaa mkononi mwake. "Nilimsikia. Mkaniambia ni homa, nimeota. Miaka ishirini na saba nimejiona nina wazimu."

Mkunga aliomba radhi. Mshonaji alizisoma karatasi zote, moja moja, mgeni wake akiwa amesimama, kisha akazifungia kwenye droo ya nyuzi. Alipomsindikiza mlangoni alimtajia jina alilokuwa amemchagulia mwanawe, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

Kile kilio mkunga anakisikia hadi leo. Tofauti ni kwamba sasa kinakuja na jina.