Punje za Mama Kamili

Mama Kamili alikuwa mnene, na mumewe alijivunia unene ule hadi kanisani. Magoti ndiyo hayakujivunia. Mwaka ule wa sabini na nne yalianza kumuuma kila akiinuka, naye ndiye kiongozi wa mstari wa mbele katika ngoma ya akina mama wa Ushirombo.

“Ukipunguza mwili, sikukuu ya Sabasaba utacheza,” muuguzi Mektilda alimwambia. “Usipopunguza, mama yangu, utakaa na wapiga makofi.”

Akae? Afadhali afe! Tena nafasi yake ingechukuliwa na wifi yake Zipora, ambaye alikwisha kuanza kujivalisha njuga za Mama Kamili mguuni.

Mektilda akampa hesabu. Kila asubuhi atie kibuyuni punje ishirini za mahindi. Akila sahani ya ugali, atoe sita. Bilauri ya maziwa, tatu; konzi ya karanga, nne; mlenda, bure. Punje zikiisha, mdomo ufungwe.

Mama Kamili akaupenda mchezo huo kuliko bao. Jioni alikitikisa kibuyu, punje zikalia ndani, akacheka peke yake. Zinabaki! Kila siku zinabaki!

Mwezi ulipoisha akaenda na Mektilda na Zipora hadi ghala la chama cha ushirika, kwenye mizani ya pamba. Akaketi ndani ya gunia, akaning'inizwa, miguu juu. Karani Marcelino akasoma, akasoma tena.

“Mama, umeongezeka.”

“Wifi, kumbe punje zilizobaki ulizitafuna!” Zipora akaangua kicheko.

Mektilda akauliza, “Jana ulikula nini?”

“Jana sikula kabisa, binti yangu. Nililala hivyo hivyo.”

“Hata kidogo?”

“Hata! Ni michembe tu, vile viazi vikavu, nilitafuna shambani. Na karanga. Na maziwa mgando, kibuyu kimoja.”

Ghala zima likalipuka. Lakini nani kwao angeviita hivyo chakula? Asiyegusa ugali hajala, hata kama tumbo linataka kupasuka! Mama Kamili naye akacheka huku ananing'inia, gunia likayumba.

Tangu siku hiyo michembe nayo ikatolewa punje, na karanga na maziwa vilevile, hata siku isiyo na ugali. Kibuyu kikawa kinanyamaza jua lingali juu, naye akilala na njaa, masikio yakiwa kwenye ngoma za mazoezi.

Siku chache kabla ya Sabasaba akapanda tena guniani. Marcelino akapiga ukelele: “Imeshuka! Imeshuka sana, Mama Kamili!”

Akaruka chini bila kushikwa mkono. Akasubiri magoti yalalamike. Kimya!

Zipora akavua njuga, akainama kumfunga. “Mguu umekonda, wifi,” akanung'unika. “Zinazunguka tu.”

“Kaza!”