Cheo Nyuma ya Alama ya Kujumlisha

Kwenye kitivo chetu hapa Lubumbashi, mimi ndiye ninayetunza seva ya barua pepe. Sikusomea kompyuta, nilisomea historia; lakini siku moja nilionekana nikibadilisha wino wa printa, na kosa hilo halikusamehewa.

Mwaka jana niliipanga seva ikubali anwani zilizorefushwa. Baada ya jina lako unaweka alama ya kujumlisha, kisha neno lolote upendalo, na barua inafika kwenye sanduku lako lile lile. Nilifikiri wenzangu wangeandika "mitihani" au "wanafunzi", barua zao zijipange zenyewe. Lakini sisi watu wa chuo tunaweza kulala njaa, si kulala bila cheo. Haikupita wiki, asistenti mmoja akawa anagawa anwani yenye "+professeur", na fundi wa maabara akawa "+directeur".

Doyen wetu, mkuu wa kitivo, akaniita. Hakuniambia nikae.

"Papa, assistant anajiita professeur na miye niko naangalia? Cheo yenye haiko ku liste ya secrétariat, message irudie kwenye ilitoka."

Ningeweza kubisha. Badala yake niliipa seva amri hiyo kwa furaha, maana yule asistenti nilimfundisha mwaka wake wa kwanza na namjua. Hata jibu la kumrudishia mtumaji nililitunga mwenyewe: hakuna mwenye cheo hicho kitivoni.

Nilichosahau ni fomu moja. Siku chache kabla ya amri hiyo, niliijaza kwa ajili ya profesa wa Ulaya anayesimamia tasnifu yangu ya udaktari, ambayo naiandika tangu nikiwa na nywele. Alikuwa karibu kustaafu, na bila yeye hakubaki mtu wa kuisoma. Tarehe ya kuitetea ilikuwa mkononi mwake. Kwa kuwa mwisho ulionekana karibu, kwenye anwani yangu niliongeza "+docteur". Mke wangu alichungulia begani.

"Docteur wa nini, papa, na thèse haiyaisha?"

Nikamwambia ni mambo ya ufundi.

Nilingoja tarehe hiyo miezi mitatu, nikimlalamikia kila mtu kuhusu uzembe wa Wazungu. Kisha, nikipekua kumbukumbu za seva kwa sababu nyingine kabisa, nikakuta jina la profesa. Barua nne. Zote zimerudishwa, pamoja na jibu langu.

Nilimwandikia siku hiyo hiyo. Alijibu kwa upole. Alidhani kitivo kimenifukuza, akaona kuuliza kungeniaibisha. Sasa amekwisha kukabidhi ofisi na jopo la watahini limevunjwa. Ananishauri nitafute msimamizi mwingine, mtu mwenye miaka mingi mbele yake.

Nilimweleza doyen. Safari hii alinipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole, papa," akasema. "Lakini règle iko natumika muzuri."

Nilikubali kwamba sheria inatumika vizuri. Nilipofika mezani nikaanza kutafuta, kwa umri huu, mtu wa kuniita mwanafunzi wake.