Kitambaa Kwenye Pampu Nyekundu ya Buyenzi

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi, maana mbele hakuna nafasi. Mimi natia chumvi, sikatai. Mke wangu husema nikitumwa ndagala, vile vidagaa vya ziwani, hurudi nikisimulia kuwa nimevua mamba. Lakini kisa hiki sikukiongeza chumvi hata punje. Tena mimi si mjinga, nina diploma ya shule ya usiku. Nilisoma fizikia kwa kandili mpaka nyusi zikaungua. Siku hiyo niliiita fizikia inisaidie, ikakaa kimya.

Ilikuwa miaka ya vita hapa Bujumbura, wakati nchi jirani zilipotufungia mipaka na esansi, yaani petroli, ikauzwa kwa chupa barabarani kama manukato. Mzee Haruna, mwenye gereji pale Buyenzi, alikuwa ameifukua pampu ya marehemu baba yake kutoka kwenye vyuma chakavu. Pampu ya zamani, ndefu kuliko askari, yenye mitungi miwili ya kioo juu na mkono wa chuma wa kuvuta. Mafundi wake waliinyoosha, wakabadilisha vioo. Chini haikuwa na tangi wala bomba la kuleta mafuta. Aliitaka isimame tu mbele ya gereji, ukumbusho wa mzee wake. Rangi akanipa mimi.

"Diplome," akaniambia, ndivyo walivyoniita, "paka, lakini usiichezee. Kesho tutamsomea mzee fatiha, tugawe tende, ndiyo iwe imefunguliwa. Kitu cha marehemu hakifunguliwi hivi hivi."

"Usiogope, mzee. Mi napaka tu. Kupaka si kufungua."

Umeme ulikuwa umekatika, kompresa ya kupulizia rangi imelala, kwa hiyo nilipaka kwa brashi. Sasa, asiyepaka hajui jambo moja: ukianza ubavu kwa rangi ya mafuta, husimami katikati. Ukisimama ukingo unakauka, na ukirudi unaacha mshono kama kovu. Mimi mshono? Kamwe! Jua likashuka, gereji zikafungwa, mimi bado nateremsha brashi.

Mama Zaina, muuza sambusa wa ng'ambo ya barabara, akafunika karai lake. "We Diplome! Watu wanakwenda! Kuvrefe haingoji rangi yako!"

"Ubavu mmoja tu, mama!"

"Ubavu ndio watakaokuvunja!"

Hakutania. Kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, ikianza, ukakutwa nje, askari hawakuulizi jina kwanza, na mimi kwangu ni Cibitoke, mtaa wa mbali. Lakini nilimaliza. Nyekundu ile, niaminini, iling'aa hata jua lililokuwa likizama milima ya Kongo likaona aibu, likaharakisha. Nikajiona bosi wa kituo, pompiste anayejazia watu mafuta. Nikashika mkono wa pampu, nikaiita barabara tupu: "Karibuni, esansi ipo! Nani wa kwanza?" Nikavuta mara moja, mzaha tu.

"Mimi," sauti ikajibu.

Mwanamume mwenye bidoni, dumu tupu la esansi, na suruali pana kama za baba zetu kwenye picha za uhuru. Akaegemea pampu kwa kiganja kizima.

"Rangi mbichi, bwana!"

Akaondoa kiganja. Kilikuwa safi. Na rangi nayo ilikuwa safi, haina hata alama ya kidole.

"Jaza, pompiste," akasema. "Tumengoja sana. Tuliona nyekundu inang'aa, tukajua mumefungua."

Tumengoja? Nikatazama nyuma yake. Barabara niliyoiacha tupu ilikuwa imejaa foleni. Bidoni, chupa, sufuria. Kimya. Hebu niambieni, mmewahi kuona foleni ya esansi Bujumbura bila mtu kutukana?

Na wa tatu kwenye foleni alikuwa Melkiori, dereva wa teksi wa mtaani kwetu. Waliomuua walimkuta barabara ya kaskazini. Jeneza lake nililibeba kwa bega hili.

"Diplome! Masomo yote yale, umekuwa pompiste?" Akacheka, ila kicheko hakikutoa sauti. "Vuta, ndugu yangu. Gari liliniishia esansi njiani. Ningekuwa na litre moja tu, ningefika."

Nikagundua mkono wangu ulikuwa unavuta. Sikuuamuru. Na mtungi wa kioo, ule usio na tangi chini yake, ulikuwa unajaa kitu cheusi chenye harufu ya udongo uliochimbwa leo.

"Melkiori, niache niende, kuvrefe inaanza."

"Apana. Pompiste anaenda foleni ikiisha."

Foleni ilipinda kwenye kona ya msikiti, na kule mwisho watu waliongezeka tu. Miaka ile, foleni ya waliouawa ingeishaje?

Kilichoniokoa si diploma, ni desturi ya mji. Kila mutu wa Buja anajua: esansi ikikatika kituoni, pompiste anafunga kitambaa kwenye pampu, na foleni inatawanyika, hata uwe waziri. Kiunoni nilikuwa na kitambaa cha kufutia brashi. Kwa mkono wa kushoto na meno nikakifunga kwenye ule mkono wa chuma, kiwiko kikaburuza rangi yangu yote nzuri na kuacha mshono ubavuni, nikasema: "Imeisha."

Wakaguna. Mguno mdogo, wa watu waliozoea kukosa. Vidole vyangu vikafunguka. Mmoja mmoja wakageuka, isipokuwa Melkiori.

"Imeisha kweli, Diplome?"

"Imeisha, ndugu."

"Basi tutarudi kitambaa kikitoka."

Nilikimbia hivi kwamba kivuli changu kilifika Cibitoke asubuhi. Kesho yake Mzee Haruna alinisikiliza, akatazama ndani ya mtungi, akaona unyevu mweusi chini ya kioo. Alisoma fatiha, ndefu, akagawa tende, lakini kitambaa hakukigusa. Na ule mshono ubavuni hakuniambia niusawazishe.

Haruna amekwisha kutangulia. Kitambaa huoza kwa jua na mvua, na mimi ndiye ninayekwenda kufunga kipya, tena juu ya cha zamani, kabla sijakitoa. Vijana wauza vipuri hunicheka: "Diplome anavalisha mashine!" Wacheke. Giza likianza kuingia, vidole vyangu vya kulia bado hujikunja vyenyewe, kama vimeshika chuma.

Kwa hiyo ukipita Buyenzi ukaiona pampu nyekundu yenye kovu ubavuni, usifungue kitambaa eti upige picha nzuri. Na ukisikia mtu nyuma yako anauliza kama imeisha kweli, sema imeisha. Mimi mtia chumvi nasema hivyo kila mara, na mtungi bado una unyevu. Sema imeisha, na usigeuke kuona ni nani, maana utamjua.